Hotuba ya Kukabidhi Funguo za Skuta Mia Mbili na Arobaini

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ambaye ametuma udhuru. Mheshimiwa Mwakilishi wa Mgeni Rasmi, ambaye tumeambiwa yuko njiani tangu jana. Mheshimiwa Naibu wangu, ambaye naona amekalia kiti changu. Waheshimiwa wakuu wa idara, vitengo, vitengo vidogo na madawati. Ndugu wajumbe wa Kamati ya Ununuzi, wa Kamati ya Kufuatilia Kamati ya Ununuzi, na wa ile kamati ya tatu ambayo bado inatafutiwa jina. Mabwana mafundi, mabibi wachuuzi, stekiholda wote, wanahabari mliofika kwa wakati na mtakaokula kwa wakati. Na ninyi wananchi wa kawaida mliosimama juani kwa hiari yenu: habari za asubuhi.

(Sauti kutoka nyuma: "Ni saa nane mchana, mheshimiwa.")

Habari za asubuhi iliyoendelea. Nimesimama mbele yenu nikiwa Mratibu Mkuu wa Mradi wa Ununuzi na Matunzo ya Skuta na Pikipiki za Miguu Mitatu kutoka Ng'ambo, cheo ambacho hakikuwepo kabla yangu na ambacho, nikitazama watu waliopo, sioni ni nani atakayekiweza baada yangu. (Makofi, safu ya mbele.) Mnaona hapa kulia kwangu kuna kitu kimefunikwa kitambaa cha bluu na kufungwa utepe mwekundu. Naomba mtu asikichungulie. Kitafunuliwa kwa mujibu wa ratiba, kipengele cha kumi na nne, na sasa hivi tuko kipengele cha pili, ambacho kinanihusu mimi.

Ndugu zangu, nilipoteuliwa nilikuta fikra potofu imeota mizizi. Nilikuta watu wanaamini kwamba mtu hununua skuta kwanza, akaiendesha, ikaharibika, ndipo akaitengeneza. Na matokeo yake mnayajua kuliko mimi, kwa sababu mimi naendeshwa. Skuta ya mtumba inakaa kwenye kontena miezi mitatu, inashuka betri imekufa, taili zimepasuka kama visigino, kabureta imeziba, na kitabu cha maelekezo kimeandikwa kwa lugha isiyosomwa na mtu yeyote kati yetu. Unaisukuma mpaka gereji. Fundi anaizunguka mara mbili, anaguna, anakwambia mkanda wa aina hii hauuzwi hapa, labda tufunge wa mashine ya kusaga. Unafunga wa mashine ya kusaga. Skuta inatembea siku mbili, siku ya tatu inasaga kweli. (Kicheko.)

Ndipo siku moja, nikiwa bafuni, mahali ninapofanyia maamuzi yangu makubwa, nikajiuliza swali ambalo wataalamu wote walishindwa kujiuliza: kwa nini matengenezo yasitangulie? Kwa nini tusubiri chombo kifike ndipo tukitunze? Nikatoka na taulo, nikampigia Naibu, na tangu siku hiyo, kwa miaka mitatu mfululizo, mradi huu umekuwa ukizitunza skuta mia mbili na arobaini bila kuruka hata wiki moja. Kila skuta ina faili lake. Kila faili lina ratiba ya oili, plagi, breki na taa. Kila Jumatatu fundi husaini kwamba kazi imefanyika. Na sasa pokeeni takwimu, wanahabari andikeni: pancha sifuri, ajali sifuri, matumizi ya petroli sifuri kwa kila kilomita mia, kiwango ambacho watengenezaji wa ng'ambo wenyewe wanakiota tu. (Makofi marefu, safu ya mbele. Katikati ya umati fundi wa gereji iliyo nyuma ya soko, tambara la oili begani, ameinua mkono: "Mheshimiwa, mimi ndiye ninayesaini lile daftari. Hizo skuta sijawahi kuziona.")

Asante, fundi. Huo ndio uwazi tunaoutaka. Daktari wa kweli hamwoni mgonjwa, humwona kwenye karatasi, na mwandiko wako, nakusifu mbele ya umma, ni mzuri kuliko wa madaktari wengi. (Fundi: "Basi mgonjwa ni mzima sana, mheshimiwa." Kicheko.) Mzima kabisa. Nashukuru umethibitisha.

Nikija kwenye ununuzi, wapo wapinzani wa maendeleo wanaonong'ona vibandani kwamba hatujanunua kitu. Mimi huwa sijibizani na vibanda. Lakini nauliza, kama hatujanunua, ule ujumbe wa watu kumi na wanne uliokwenda ng'ambo kwa siku ishirini na moja ulikwenda kufanya nini? Tulifika hadi mlangoni mwa kiwanda. Tulipokelewa na mabwana wawili wenye sare nadhifu na tochi, wakatuzungusha kumbi zote, kimya kizuri kimetawala, hakuna makelele ya mashine kama viwanda vya kizamani. Tulikuta skuta moja uani, na mimi binafsi niliipanda, nikaanguka mara mbili, ya kwanza kwa bahati mbaya na ya pili kwa ajili ya utafiti, na kovu ninalo hapa gotini, atakaye aje alione baada ya hotuba. Hatukurudi mikono mitupu. Tulirudi na vioo vya pembeni mia mbili na arobaini, vyote vya upande wa kushoto, ambavyo tumevisambaza maofisini, na leo kila ofisa akiwa amelala mezani anamwona anayeingia kabla hajafika, na ufanisi umepanda sana. Na tulirudi na funguo. Funguo mia mbili na arobaini, moja kwa kila skuta, zenye namba. Leo tunazikabidhi. Mwenye ufunguo amefikia asilimia hamsini ya kumiliki skuta, na iliyobaki ni skuta tu.

(Sauti ya kike: "Na pikipiki yangu?")

Nilikuwa nafika hapo, mama. Hicho ni kipengele cha kumi na moja, Mnufaika wa Mfano, na nakuomba usogee mbele uonekane kwenye picha. Mumpishe jamani, mguu wake wa kushoto haukunjiki. Huyu mama ni mshonaji. Nyumba yake iko nyuma ya kilima, kibanda chake cha cherehani kiko hapa sokoni. Alikuwa na pikipiki ya miguu mitatu, aliyoletewa na kaka yake kutoka ng'ambo, imechakaa, inatoa moshi, lakini ilimfikisha. Miaka miwili iliyopita ofisi yangu iliichukua kwa wiki moja, tuchukue vipimo vyake ili spea za mradi zije zikiwa saizi sahihi, na mama huyu aliitoa kwa moyo mweupe.

(Mama mshonaji: "Mlisema wiki moja, mheshimiwa. Ofisini nimekuja mara kumi na tisa. Kila nikija naambiwa inapimwa.")

Na ilikuwa inapimwa, mama, kwa sababu hatutaki kukosea. Na katika muda huo mradi umekunufaisha. Kabla yetu ulikuwa unafika sokoni kwa dakika ishirini, umekaa. Leo unafika kwa saa mbili na nusu, unatembea, na wataalamu wote wa afya wanatuambia tutembee. Nimearifiwa pia kwamba uongozi wa soko umekupa notisi, kwamba usipofungua kabla ya saa tatu asubuhi kuanzia kesho, kibanda atapewa muuza simu. Nalisema hili hadharani kwa sababu sifichi changamoto. Nalisema pia kwa sababu leo, mama, unapokea ufunguo namba moja. Naibu, inuka kwenye kiti changu, mpe boksi. Makofi. Wapiga picha, mama, angalia huku, tabasamu. Tabasamu, mama. Basi, tutamrekebisha kwenye kompyuta.

Na sasa, kwa kuwa jua ni kali na mgeni rasmi bado yuko njiani, naruka mpaka kipengele cha kumi na nne. Kateni utepe. Vuteni kitambaa. Ndugu wananchi, nawaletea chombo cha kisasa, cha kwanza cha aina yake, kilichotufikia kutoka ng'ambo kikiwa kipya, rangi yake ya manjano haijakauka kwa upya.

(Minong'ono. Mama mshonaji amepanda ubao wa jukwaa akiburuta mguu. Amekizunguka chombo, ameshika usukani, ameinama kwenye kiti na kupitisha kidole kwenye mshono. "Kiti hiki nimekishona mimi. Uzi wa kijani, kwa sababu siku hiyo mweusi uliniishia.")

Mama anasifu ushonaji wa kiwandani. Na anayo haki, ni mtaalamu. Mama, tafadhali ingiza ufunguo wako mpya, washa, watu waone matunda ya mradi. (Mama anajaribu. Ufunguo hauingii. Anaugeuza, hauingii.) Hauingii, eeh? Mnaona usalama huo, wananchi? Chombo hiki hata mwenyewe hawezi kukiiba.

(Kicheko kikubwa. Mama amefungua mkoba, ametoa mkebe wa sindano, na ndani ya mkebe ametoa ufunguo mwingine, mdogo, umefungwa kipande cha utepe wa kupimia. Umeingia.)

Mama, ufunguo huo haupo kwenye ratiba.

(Fundi amefika pembeni ya jukwaa, anaongea polepole: "Dada, vuta choki kwanza. Plagi nimekusafishia asubuhi, waliponiita niipake rangi." Mama: "Ulijua ni yangu?" Fundi: "Tangi hili nililichomelea mwenyewe, nitaacha kulijua? Petroli nimeweka lita mbili." Mama: "Breki?" Fundi: "Ya nyuma inashika. Ya mbele usiiamini." Mama: "Hiyo hata zamani sikuiamini." Anapiga stata mara moja, mara mbili, ya tatu injini inawaka. Moshi mweusi unalifunika jukwaa.)

Moshi huo, wananchi, ni wa majaribio. Naibu, zuia. Naibu, nimesema zuia, sijasema ukimbie. Mama, subiri kwanza, kuna fomu ya kukabidhiana yenye kurasa saba. (Mama ameshusha chombo kwenye ubao kwa breki ya nyuma. Umati umefungua njia. Mchuuzi wa vitunguu: "Mama, utepe unaburuzika." Mama: "Uache, nitautia kwenye gauni la mtu." Mwingine: "Na kibanda?" Mama, ameshafika kwenye geti: "Mwambieni muuza simu kesho saa mbili nitakuwa nimefungua.")

Makofi kwa mama. Mmejionea wenyewe. Mnufaika ameondoka na chombo, akiwa amekaa, kwa dakika ishirini, na kwa kuwa chombo hicho ndicho chombo pekee ambacho mradi huu umewahi kuwa nacho, natangaza rasmi kwamba mradi umekamilika kwa asilimia mia moja. (Fundi anapiga makofi peke yake.) Kabla sijafunga, tuitikie pamoja. Nikisema matengenezo, semeni kwanza. Matengenezo! (Kimya.) Nikisema skuta, semeni baadaye. Skuta! (Umati wote: "Wapi?") Si mbaya, tutafanyia semina.

Nawashukuru wote kwa usikivu. Namshukuru mama mshonaji kwa kutuazima pikipiki yake kwa wiki mia moja na nne. Namshukuru fundi kwa rangi. Nawashukuru kwa namna ya pekee wenzetu wa kile kiwanda cha ng'ambo, ambao barua yao nimeipokea asubuhi hii na sikuona sababu ya kuwaharibia sherehe. Wanasema kiwanda kilifungwa mwaka mmoja kabla ya ziara yetu, kwamba mabwana wawili waliotupokea ni walinzi wa jengo, kwamba skuta ya uani ni ya mmoja wao, kwamba hawajawahi kupata kutoka kwetu agizo la hata msumari, na kwamba zile funguo mia mbili na arobaini ni za makabati ya nguo ya wafanyakazi, na wanaziomba zirudi. Kwa hiyo mliokwisha kupewa, zitunzeni vizuri.

(Fundi, akikunja tambara lake: "Mheshimiwa, Jumatatu nije kusaini?")

Njoo, fundi. Mwezi huu ni zamu ya kubadilisha taili.