Nyundo ya Shangazi Losaline

Alhamisi, 14 Mei
Mambo, Sikio Kubwa, daftari langu! Habari mbaya. Shangazi Losaline anahamia ng'ambo, Auckland, kwa bintiye. Ndege Jumatatu. Tangu nizaliwe nyundo yake iko uani, anaponda magome ya kutengeneza nguo pamoja na wenzake: to, to, tok. Ile tok ya mwisho ni yake. Akiondoka, nyumba itakuwa bubu. Kwa hiyo nainasa tok hiyo! Kinasa sauti ninacho, ujuzi nimejifunza mwenyewe.

Nikakining'iniza kwenye mshelisheli, juu ya vichwa vya kina mama. Wakakiona. Nyundo zikanyamaza, wakaanza kunisema. Dakika arobaini! Shangazi kasimulia nilivyokojoa kitandani mpaka darasa la tatu. Hiyo imesikika vizuri sana.

Ijumaa, 15 Mei
Nimekificha chini ya gogo la kupondea. Akili! Kwa karibu hivyo nyundo zimesikika kama radi tupu, halafu betri zikaruka. Jirani yetu Kalolo, yule mwenye maikrofoni ya manyoya, kauliza kama nilikuwa vitani. Yeye kanasa mawimbi mwambani na kijiji kizima kinamsifu. Simpendi.

Jumamosi, 16 Mei
Leo nimekaa waziwazi, mgongo ukutani, kinasa mapajani. Wamenizoea. To, to, tok. Jua changa, harufu ya magome mabichi, ua umejaa mlio kama maji ya uvuguvugu, nami naelea tu...

Nimeamka saa sita. Gogo limeshaoshwa. Kwenye rekodi: nyundo nne, halafu nakoroma.

Jumapili, 17 Mei
Hapa visiwani Tonga, Jumapili kazi ni marufuku kwa sheria. Nimembembeleza Shangazi apige kidogo tu, tuseme ni ibada. Kaniangalia weee. "Mwanangu, hata nguruwe wetu wamepumzika." Baba mwenyewe hambishii dadake, sembuse mimi.

Jumatatu, 18 Mei
Kaniamsha yeye, alfajiri. Kavaa nguo za safari, begi pembeni, kaketi mbele ya gogo peke yake. "Haya, washa kidude chako. Gari linakuja."

Nikawasha. Akapiga. Majogoo kimya, ukungu umelala chini, Sikio Kubwa, nikajiona nimekuwa mdogo, mdogo kabisa...

Nimeamka jua kali. Gari limeshaondoka. Nimefunikwa shali yake. Sikumuaga.

Jumanne, 19 Mei
Nimesikiliza. Nakoroma mwanzo mpaka mwisho! Lakini chini ya mkoromo nyundo inazidi kuwa nyepesi, kama anaogopa kuniamsha. Mwishoni sauti yake, karibu kabisa: "Lala, mwanangu. Hivi hivi ndivyo nilivyokuwa nikikulaza."

Kalolo kajitolea kuukata mkoromo kwa kompyuta. Ila anasema umeng'ang'aniana na nyundo. Ukikata huu, na ile inapungua. Nimemwambia nitafikiria. Kesho alfajiri lazima nimshinde: nanasa mawimbi yangu mwambani. Nitajilaza mchangani kidogo tu, macho wazi, naapa.

Na huo mkoromo, Sikio Kubwa, wewe ungeukata?