Umeme Wangu Mwenyewe

Jumatatu, 6 Mei

Watu wa umeme wamekuja kuchukua mita yao. Niliwaita mwenyewe! Sasa nina sola juu ya bati na betri chini ya kitanda. Fundi wa sola alitaka kunieleza betri inabeba kiasi gani. Nikamwambia nimekula chumvi nyingi. Akabeba ngazi yake, akaenda.

Mama watoto kauliza, na mashine ya kutotolea je? Ina mayai ya mwisho ya kuku wake, ugonjwa umefagia banda zima. Yakipoa, kuku ndiyo basi. Nikamwambia alale usingizi.

Taa zote za nje nimezielekeza kwa Sindano, fundi cherehani wa upande wa pili wa ukuta. Ziwake mpaka asubuhi. Ajue anapakana na nani.

Jumanne, 7 Mei

Betri imekata kabla ya kucha. Mama watoto kayafunika mayai kwa blanketi langu, mimi nikatetemeka. Anasema taa zimekunywa umeme wote. Hajui kitu. Betri ni mgeni, haijazoea nyumba.

Alhamisi, 9 Mei

Jana mvua, leo mawingu. Umeme unadondoka kama maziwa ya mbuzi mgonjwa. Nimepiga marufuku redio, kila kitu ni kwa mayai.

Ila akili hailali! Nimeunda mtambo wa upepo: gurudumu la baiskeli, mabati ya ndoo, dinamo. Kazi safi. Upepo hakuna. Wiki iliyopita ulikuwa unang'oa nguo kambani!

Sindano kachungulia. Eti, mzee mwenzangu, hilo pambo la harusi ya nani? Nikamwambia ashughulike na vifungo vyake.

Ijumaa, 10 Mei

Nimepata! Feni!

Nimeichomeka kwenye betri, nikaielekeza kwenye mtambo. Feni inazungusha mtambo, mtambo unajaza betri, betri inaendesha feni. Inajilisha yenyewe! Wasomi walikuwa wapi? Nikakaa kitini, mguu juu ya mguu.

Feni ikaanza kuchoka. Ikasimama. Mashine ya mayai nayo kimya.

Mama watoto hakugomba. Hapo ndipo nilipoogopa. Kapanga mayai kwenye karai, kayafunika shuka, kaenda nayo kwa Sindano. Mlangoni kasema kule umeme unawaka bila kupulizwa.

Jumapili, 12 Mei

Nyumba imepoa. Mama watoto anashinda kwa mke wa Sindano. Chai nimepika mwenyewe, nikaimwaga mwenyewe.

Nilisimama ukutani. Sikuchungulia, nilikuwa nakagua ufa. Mara nikasikia sauti nyembamba, nyingi, zinagombana. Vifaranga! Nikakaa chini palepale. Jua lilikuwa kali.

Mama watoto karudi anacheka huku anafuta machozi. Kasema wanahitaji joto bado, kwa hiyo Sindano atarusha waya juu ya ukuta, atugawie umeme. Nimekubali. Nisingependa Sindano ajisikie vibaya.

Jumatatu, 13 Mei

Vifaranga wako jikoni, wanapiga kelele chini ya balbu. Wazuri. Wamefanana nami kwa ujasiri.

Muuza maziwa kapita, kauliza ule waya unaovuka ukuta ni wa nini. Nikamwambia sola yangu imezidi, namgawia jirani. Kanipa mkono kwa heshima!

Sindano alikuwa mlangoni kwake, kasikia yote. Kacheka mpaka kashika ubavu. Hata asante hakuna! Ndivyo walivyo watu ukiwasaidia.

Kesho nauchomoa huo waya. Tuone atashona vipi gizani.