Hali Tatu za Maada na Mkutubi Mmoja

Jumatatu, 4 Machi

Nimekula tena chakula cha mchana peke yangu maabarani, nikitazamana na chupa. Miaka kumi na miwili natunza maabara ya shule hii, na anayenijibu ni bomba linalovuja. Mkutubi wa shule alipita dirishani, akanipungia mkono. Nami nikampungia koleo. Ovyo kabisa!

Lakini akili haijalala. Jumamosi nitatoa somo la wazi kwa watu wazima: "Ijue Maada." Mkuu wa shule nimemwambia ni kwa faida ya jamii. Jamii yenyewe ni mkutubi. Nitapanga viti thelathini, asishtukie.

Jumanne, 5 Machi

Balaa! Mwalimu wa biolojia naye ametangaza somo. Jumamosi, saa ile ile, chumba cha jirani! Yeye ana kiunzi cha mifupa chenye magurudumu, na watu hupenda kitu chenye magurudumu. Nilimfuata ofisini nikamweleza kistaarabu kwamba mifupa ina uzito na inachukua nafasi, kwa hiyo ni maada, kwa hiyo iko chini yangu. Akasema hata mimi nachukua nafasi. Ofisi nzima ikaangua kicheko. Nikacheka pia, nisiachwe nyuma.

Jumatano, 6 Machi

Nimemwalika mkutubi. Amesema atajaribu. Atajaribu! Jioni nzima nimelichambua neno hilo. Si kukubali safi, si kukataa safi. Ni mchanganyiko, na sijui ni wa kuchuja au wa kuchemsha. Nikampigia simu dada yangu, aliyehamia kwa mwanawe mwaka jana akaniachia nyumba na mlio wa jokofu. Akauliza kwa nini nisimwombe tu mkutubi tukanywe chai. Dada hakusoma sayansi.

Ijumaa, 8 Machi

Shule nzima ikiwa mstarini asubuhi, nimekiviringisha kile kiunzi hadi stoo yangu. Nimekivisha koti langu jeupe. Tukatazamana kidogo. Msikivu kuliko watu wengi ninaowafahamu.

Jumamosi, 9 Machi

Saa nne kamili. Bonge la barafu ndani ya beseni, la kuonyesha yabisi. Mtu hakuna. Nyuma ya ukuta, mwalimu wa biolojia, kwa kukosa mifupa yake, anawahesabisha watu mbavu zao wenyewe. Wanacheka mpaka basi! Saa nne na nusu, barafu nusu. Saa tano, maji matupu. Ndipo mkutubi akaingia, akiomba radhi. Nikamkaribisha aone barafu.

"Fundi, mbona haya ni maji?"

Nikamwambia hilo ndilo somo lenyewe.

Akakaa kiti cha mbele. Akauliza kama barafu ikiyeyuka inakuwa kitu kingine. Nikasema hapana, hali tu imebadilika, maji ni yale yale. Kisha akasema tangu afiwe na mumewe, watu humwambia si yule tena.

"Nimefurahi kusikia hivyo," akasema. "Twende tukanywe chai."

Nikamwambia bado hatujafika kwenye gesi! Nikamwomba aniletee chupa moja kutoka stoo.

Ukelele kutoka stoo! Kile kiunzi nilikuwa nimekisahau. Mwalimu wa biolojia akaja mbio na darasa lake zima, akamnawisha mkutubi uso kwa maji ya beseni langu, akamshika mkono, wakaenda kunywa chai. Nimebaki kukunja viti thelathini. Kimoja tu kilikuwa na joto.

Jumatatu, 11 Machi

Mkutubi amekuja mwenyewe. Ya mifupa amenisamehe. Yale ya barafu, amesema, amekaa nayo moyoni siku mbili. Ameniomba mchana niwe nakwenda kula naye maktaba, maana huko nako kimya kimezidi. Nusura miwani inidondoke!

Nimemshukuru sana, lakini nafasi sina. Mchana wote wiki hii naandaa somo jipya, la metali na zisizo metali. Lazima liwe na mvuto wa kutosha kumfanya mtu kama yeye atake kukaa na mimi.