Yah: Binti Yetu wa Muhtasari Kututafiti

Mheshimiwa Makamu Mkuu wa Chuo,

Nakuandikia kwa heshima na kwa machungu, nikiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Usawa wa Jinsia, yenye wajumbe tisa, wote wanaume waliokomaa, pamoja na binti yetu mmoja anayeandika muhtasari. Binti huyo ana miaka arobaini na tisa na shahada ya uzamivu. Ameomba kupandishwa kuwa mhadhiri mwandamizi. Naomba akataliwe, kwa sababu hizi:

1. Miaka sita tumempa kalamu, akae kimya aandike. Kumbe alikuwa anatuandika sisi. Mihtasari yetu ameigeuza utafiti, kurasa mia mbili, majedwali kila mahali.

2. Utafiti wenyewe hauna kichwa wala miguu. Eti hoja thelathini na moja alizitoa yeye, hazikusikika. Kisha mjumbe mwanamume akazirudia zilezile, zikapita kwa kauli moja. Hilo nalo la kutafitiwa? Feni ya ukumbini ina kelele, kila mtu anajua. Sauti nyembamba haipiti.

3. Ameandika kwamba faili lake la kupanda cheo limelala miaka minne kwenye droo yangu. Uongo mtupu. Droo ilivunjika mwaka jana. Faili liko juu ya kabati, chini ya birika.

4. Sumu imeingia nyumbani kwangu. Mke wangu ameisoma ripoti hiyo akacheka mpaka akaniunguzia shati kwa pasi. Juzi nilipotangaza kwamba tutahamishia kabati la vitabu sebuleni, akauliza hoja hiyo ilitolewa kwanza na nani, na lini. Ilikuwa yake, ya mwezi wa pili.

Mheshimiwa, mtu anayehesabu nani kasema nini hafai kupanda cheo. Leo kahesabu hoja, kesho atahesabu viti, na viti tunavikalia sisi.

Nisalimie wajumbe wa Baraza, wake zao, madereva, na kinamama wa masjala, ambao siku moja nitawauliza majina.

Wako katika kuutetea usawa,
Mwenyekiti

N.B. Jana nilikuwa nawaonya wakuu wa idara juu ya utafiti huu, ikabidi niueleze. Wamesema ni fikra pevu, hawajawahi kusikia kitu kama hicho, na wameupitisha kwa kauli moja. Kwa hiyo naomba uchapwe haraka, jina langu likiwa juu. Binti yetu hana pingamizi lolote. Alikuwepo, anaandika muhtasari.