Injinia Zubeiri na Tangi la Mwera

Jumatatu, 5 Septemba 1955

Nimepata kazi! Jumbe Mwinyijuma anataka tangi la maji ya mvua kando ya msikiti, kabla ya vuli. Nikampa shikamoo, nikamwambia mimi ni injinia. Si uongo. Kule Pangani nilimshikia Mzungu mpima ardhi kamba wiki nzima, na hakunigombeza hata mara moja. Jumbe akasema tangi likisimama vizuri, posa yangu kwa binti yake Sabiha itazungumzwa. Mimi, mkwe wa Jumbe!

Idarusi, yule anayeuza maji kwa punda, alikuwapo barazani. Akacheka. Na acheke. Maji yakitoka bombani, punda wake atabeba nini?

Alhamisi, 15 Septemba

Ukuta umenipita kimo. Wa duara, mzuri mno! Fundi wangu Methusela, Msambaa, aliuliza mlango wa juu tuuache upande gani. Nikamkatalia. Mlango huingiza vyura. Maji yaingie kwa bomba la paani, yatoke kwa bomba la chini, basi. Akasema yeye kazi yake saruji tu. Mtu mwenye adabu.

Jumamosi, 17 Septemba

Aibu! Mchana niliteremka ndani kwa ngazi kukagua sakafu. Ubaridi wa ajabu. Nikajinyoosha kidogo. Naamka, giza! Methusela alidhani nimekwenda kuswali. Akaondoa ngazi, akapanga mbao na mabati, akamwaga saruji juu, akaenda zake.

Nikaruka. Sikugusa hata bati. Nikalala kifudifudi, mdomo kwenye tundu la bomba, nikaita kwa adabu. Kisha bila adabu. Akaja nani? Idarusi! Akauliza nani anasema humo. Nikamjibu ni injinia. Akasema kama ni injinia, basi atoke. Halafu akaita mji mzima.

Nikamsikia Sabiha akiuliza kama hivi ndivyo tangi linavyojaribiwa. Nikapaza sauti: ndivyo hasa! Karibu niokoke. Lakini Jumbe akaagiza mtaimbo, ukuta ukatobolewa, nikatoka kinyumenyume, nimejaa saruji hadi kwenye kope, mbele ya wakwe watarajiwa.

Jumapili, 18 Septemba

Jumbe amesema neno posa nisilitaje tena barazani kwake. Sabiha kaniletea salamu: yeye ataolewa kwenye nyumba yenye mlango.

Idarusi amepanua lile tundu, amemfunga punda mle ndani. Anamwambia kila apitaye kwamba wilaya nzima ya Pangani hakuna banda kama hili. Nimeumia. Ingawa kweli, ni banda imara.

Jumanne, 20 Septemba

Watu wa Maramba wanataka tangi! Kubwa mara tatu ya lile. Habari za Mwera hazijawafika, alhamdulillahi.

Nimekaa nikalifikiria kosa langu kwa unyenyekevu, maana mimi si mtu wa kiburi. Kosa lilikuwa kukosa mlango. Basi la Maramba litakuwa na mlango mpana, chini kabisa, usawa wa ardhi, injinia aingie na kutoka bila kuinama. Kesho nakwenda Tanga kununua kitasa.