Yah: Kipindi Chenu cha Jumatatu na Samaki wa Dada Yangu

Nyumba namba 14 (mimi huiita "Mierezi", tarishi hakubali),
Barabara ya Lark Hill,
Chorley.
14 Machi 1991

Kwa Mkuu wa Vipindi vya Vichekesho.

Ndugu Mkuu,

Baada ya salamu, ambazo nakutumia kwa sababu nimelelewa vizuri, naomba nilalamike. Nazungumzia kile kipindi chenu cha yule mama anayejitutumua ili majirani wadhani alizaliwa kwenye jumba la kifahari. Mtaa mzima hukitazama. Mimi nimekitazama mara tano, na mara zote tano nimejikuta mle ndani. Malalamiko yangu ni haya:

1. Kofia. Yule mama huvaa kofia ya bluu yenye manyoya mawili ya tausi. Kofia hiyo ni yangu. Niliinunua Southport kwa ajili ya arusi, na nimeivaa hata siku ya kung'olewa jino. Sasa nikiingia kwa muuza nyama, watu hunitazama juu ya kichwa kwanza, kisha hutazama chini na kukohoa.

2. Sauti. Yule mama ana sauti mbili, moja ya simu na nyingine ya kumsemesha mumewe. Mimi ninayo moja tu, ya simu. Ile ninayomsemesha Wilf si sauti, ni kelele za kawaida za nyumbani. Wilf ni mume wangu, fundi wa mabomba ya gesi, ingawa majirani nimewaambia kwamba "yuko kwenye masuala ya nishati". Tangu kipindi kianze, simu ikilia anaweka gazeti chini na kukaa vizuri, kama mtu aliyelipa kiingilio.

3. Samaki. Hapa ndipo penye uchungu, nitaeleza polepole. Dada yangu Edna ana meza ya samaki sokoni. Ndiye aliyenilea mama yetu alipofariki, na ada ya masomo yangu ya upigaji chapa ilitoka kwenye meza hiyo. Mwezi uliopita nilimwalika chai Bi. Pemberton, mjane wa daktari, mgeni niliyemwinda kwa miaka minne. Nilikata kingo za mkate. Nilikunja leso zikafanana na bata. Tulipofika kikombe cha pili, kengele ikalia. Alikuwa Edna, na aproni yake yenye magamba, ameniletea chewa aliyefungwa kwenye gazeti. Bi. Pemberton alikuwa anauona mlango kutoka pale alipoketi. Nikamwambia dada yangu wa tumbo moja, kwa sauti ile ya simu: "Asante, mama. Mweke tu mlango wa nyuma."

Edna alinitazama. "Sawa, bibi," akasema. "Kuna kingine?"

Nikasema hakuna. Akazunguka nyuma, akamweka samaki kwenye ngazi, akaondoka. Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili. Tangu siku hiyo hajapiga.

Jumatatu iliyofuata, yule mama wenu akamwambia kaka yake apitie mlango wa nyuma, mbele ya wageni, kana kwamba ni fundi wa choo. Kicheko cha jirani kilipenya ukutani. Mimi sikucheka.

4. Ikabidi nichunguze nani anawapelekea habari zangu. Nilitafuta kinasa sauti nyuma ya kipasha joto, chini ya kochi na ndani ya buli. Nilimhoji muuza maziwa, naye siku hizi huacha chupa getini na kukimbia. Mwishowe nikamshuku Wilf. Alisoma gazeti mpaka mwisho wa ukurasa ndipo akanijibu: "Vipindi hivi hurekodiwa mwaka mzima kabla, Muriel. Hawakukuiga. Wewe ndiye uliyewaiga wao."

5. Kwa hiyo lalamiko langu limebadilika, na sasa ni zito zaidi. Mlikuwa na kipindi kile kabatini mwaka mzima, mkanyamaza. Mngekionyesha wiki moja tu mapema, ningeona jinsi jambo lile linavyoonekana mtu akiwa amekaa kwenye kochi, na ningemwambia Bi. Pemberton: huyu ni dada yangu. Naomba basi, ama mkisimamishe kipindi kabisa, ama mniletee maandishi ya kila sehemu mwezi mmoja kabla, nijue nisifanye nini.

Naongeza kwamba Jumamosi nilikwenda sokoni, nikapanga foleni nyuma ya watu tisa. Edna akaniuliza, kama anavyomuuliza kila mtu, anipimie nini. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ikanipotea. Nikasema tu, watu wote wakisikia: "Dada, nilikuonea haya. Nisamehe."

Alifuta kisu muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Bi. Pemberton hununua kamba kwangu kila Ijumaa," akasema. "Anajua miaka yote kuwa wewe ni mdogo wangu. Tuna pua moja, Muriel." Kisha akanirushia aproni, maana foleni ilikuwa ndefu.

Nisalimie waandishi, wapiga picha, wanaoshona mapazia, na huyo mama mwenyewe. Mwambie miguu lazima inamuuma, maana viatu vile navijua.

Wako mwenye kinyongo,
Muriel Threlfall (Bi.)

Nyongeza: Barua hii imekaa mezani siku tano kwa kukosa stempu, na mambo yamegeuka. Tafadhali msikisimamishe kipindi, na hayo maandishi msiniletee. Edna anasema utamu wote ni kutokujua. Jana alikuja kukitazama kwetu, akakaa kochi moja na Bi. Pemberton. Yule mama alipotumbukia kwenye bwawa la askofu huku ameshikilia trei ya biskuti, nilicheka kwa sauti ambayo sikujua ninayo, mpaka Wilf akatuomba tunyamaze asikie.