Koti Lipo Kitini

Kwa furaha isiyo na kifani, Idara ya Maonyesho na Mikusanyiko iliutangazia umma kwamba tatizo sugu la watu kuzagaa ovyo jukwaani limepatiwa ufumbuzi wa kudumu. Kuanzia siku hiyo, kila mchezo wa kuigiza ungekuwa na watu walewale waliotajwa kwenye kibali, asizidi hata mmoja. Wananchi waliombwa kuipokea hatua hiyo kwa utulivu. Waliipokea kwa utulivu mkubwa, maana wengi hawakuwa na habari kwamba wana tatizo.

Aliyekabidhiwa kazi hiyo alikuwa Mkaguzi wa Idadi, mtu mwadilifu kiasi kwamba nyumbani kwake hakuna aliyethubutu kuleta mgeni wa ghafla. Haukupita muda akaletewa malalamiko. Katika ukumbi mdogo nyuma ya duka la fundi cherehani, mwanamke mwenye kibali cha mtu mmoja alikuwa akisikika anaongea na watu wengi. Mwanamke huyo, kwa bahati mbaya, alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe.

"Mdogo wangu ameacha ualimu kwa ajili ya ukumbi ule," mkewe alimwambia huku akitafuta viatu. "Ukiufunga atakula nini?"

"Sheria haina shemeji."

"Haya. Na jiko langu halina Mkaguzi."

Wakaenda ukumbini pamoja.

Ukumbi ulikuwa kama stoo iliyopata bahati. Viti vya plastiki vilibanana hadi magoti ya waliokaa mbele yakawa tayari yako jukwaani. Mkaguzi alikaa mbele, kama cheo kinavyotaka, na mkewe akaenda kukaa nyuma kabisa, kama hasira inavyotaka. Taa zikazimwa, ikabaki moja.

Shemeji akatokea na meza, kiti na koti jeusi la kiume. Akalitundika koti kwenye kiti, akajitanda mtandio, mgongo ukapinda, miguu ikaanza kuburuzika. Mbele ya macho ya watu akawa bibi kizee. Jina la mjukuu wake lilikuwa limekosewa herufi moja kwenye cheti, na shule haikumtaka mtoto mwenye herufi pungufu.

"Mkubwa yupo?" bibi akauliza.

Mtandio ukatupwa kando, shingo ikanyooka, kinywa kikaanza kutafuna kitu. Bibi hakuwepo tena, alikuwepo katibu muhtasi.

"Yupo. Huoni koti?"

"Atarudi lini, mwanangu?"

"Arudi kutoka wapi, na nimekwambia yupo?"

Watu wakacheka. Mkaguzi hakucheka, alikuwa anahesabu: mmoja, wawili. Akaja mlinzi wa mlangoni, mwenye mikono nyuma na maoni juu ya kila kitu: watatu. Kisha bibi akarudi, akakaa karibu na lile koti, na kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kumsikiliza, akaanza kuzungumza nalo. Akalieleza habari za mjukuu, jinsi anavyosimama nje ya dirisha la darasa akisoma na wenzake kwa mbali. Akalipangusa vumbi begani. "Umekonda, mwanangu," akaliambia. "Hawakulishi?"

Alikuwa karibu mno, pumzi yake ilisikika. Macho ya Mkaguzi yakajaa, na kabla hajajizuia chozi likamdondokea kwenye tai. Alimhurumia yule bibi kwa moyo wake wote, hata akasahau kuhesabu. Alikuwa hajawahi kulia akiwa kazini, na kwa kuwa machozi hayakuwemo kwenye majukumu yake, alisimama upesi kuyafidia.

"Simamisha! Nimeona watu wanne."

"Niko peke yangu, shemeji."

"Na bibi?"

"Mimi."

"Katibu muhtasi?"

"Mimi."

"Mlinzi?"

"Huyohuyo mimi."

Mkaguzi alikuwa mtu wa haki. Akawaunganisha wote watatu wakawa mmoja. Kisha akanyoosha kidole kwenye kiti. "Na huyu?"

"Hilo koti."

"Afisa," akamsahihisha. Waraka wa Idara, wenye saini ya Mkurugenzi mwenyewe, ulikuwa wazi kama mchana: koti likiwa kitini, afisa yupo kazini. Bila waraka huo Idara nzima ingebaki na mfagizi tu. "Kwa hiyo ni mtu. Na mtu huyu hana kibali."

Watazamaji wakapiga makofi wakidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja akamsifu Mkaguzi kwamba anaigiza vizuri kuliko yule dada.

"Shemeji," alisema yule dada, na safari hii haikuwa sauti ya bibi wala ya katibu, "unanifungia riziki kwa ajili ya koti?"

"Kwa ajili ya mtu wa pili."

Mlango ukapigwa lakiri. Koti likakamatwa mkono wake wa kushoto na kuongozwa nje. Mkewe alirudi nyumbani kwa njia nyingine, na Mkaguzi akala mkate mkavu.

Asubuhi aliingia Idarani na mtuhumiwa wake, akatafuta pa kumweka. Viti vyote vilikuwa na makoti, yaani vilikuwa na watu. Kiti cha Mkurugenzi pekee ndicho kilichokuwa wazi, kwa kuwa koti lake lilikuwa limepelekwa kwa dobi. Mkaguzi akamtundika mtuhumiwa hapo kwa muda, akaenda kuandika ripoti.

Katibu muhtasi wa Idara alichungulia, akaona koti, akawatangazia watu waliokuwa wakisubiri kwenye benchi kwamba mkubwa yupo. Wakashukuru. Jua lilipokwisha kupanda akafika Mkurugenzi, amevaa shati tu, funguo za gari zinacheza kidoleni.

"Samahani, mzee, kuna foleni," katibu muhtasi akamzuia.

"Foleni? Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Nakufahamu, mheshimiwa. Ila mkubwa yupo ndani. Waraka ni wako."

"Lile si koti langu!"

"Waraka haukusema liwe la nani."

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mkurugenzi aliketi kwenye benchi, pembeni ya mama mmoja mwenye bahasha iliyochakaa.

"Na wewe umekuja mara ya ngapi, baba?" mama akamuuliza.

"Mara ya kwanza."

"Ah, basi utazoea."

Hakuzoea. Benchi lilikuwa na msumari uliojitokeza, na kila aliyelijua alikuwa ameshakaa upande wa pili. Ilipofika adhuhuri akaagiza Mkaguzi aitwe.

"Toa koti lile kitini kwangu!"

"Siwezi, mheshimiwa. Ni mtu. Kumwondoa mtu kitini kunahitaji idhini ya Mkurugenzi, naye," Mkaguzi akautazama mlango kwa heshima, "ndiye aliyekaa."

"Sasa nifanyeje?"

Mkaguzi alifikiria sheria. Akafikiria pia mkate mkavu, na yule bibi, na sauti ya shemeji yake jukwaani. "Labda ukitamka kwamba koti si mtu."

"Si mtu! Nimetamka!"

"Kwa maandishi."

Mkurugenzi akaandikia palepale, juu ya goti: *Koti si mtu.* Akatia saini kwa hasira, karatasi ikatoboka. Jioni hiyohiyo lakiri ilibanduliwa kwenye mlango wa ukumbi. Mkaguzi mwenyewe ndiye aliyelirudisha koti, amelikunja mkononi kama mtoto aliyelala, na shemeji yake akalipokea, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Nyumbani Mkaguzi alipakuliwa chakula cha moto.

Lakini sheria ni msumeno. Watu wa benchi walikuwa wamesikia, na kufikia usiku mji mzima ulikuwa umesikia. Kesho yake waliingia Idarani chumba kwa chumba, wakiuliza swali moja kwa adabu zote: kama koti si mtu, mwenyewe yuko wapi? Maafisa walikuja mbio, wengine na mswaki mdomoni.

Mkurugenzi naye alikuwa kitini kwake tangu alfajiri, kwa kuwa hakubaki na kitu kingine cha kuweka pale. Watu wakajaa chumbani, wakakaa, magoti yao yakagusa meza yake. Wengi walikuwa hawajawahi kumwona. Walimtazama kimya kabisa, kila mmoja ameshika karatasi yake. Akachukua ya kwanza. Akaisoma, akakohoa, akaisoma tena, akanyanyua muhuri, akaupiga.

Chumba kizima kikapiga makofi.

Mkurugenzi, bila kujua kwa nini, akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Kaa, baba," alisema yule mama wa bahasha. "Bado yangu."